Laptopu ya GB 500 inaonyesha 465, nimeibiwa? Na hiyo flashi ya TB 2 je?

Swali: Habari za kazi kaka. Nimefungua stesheneri ndogo karibu na chuo hapa Morogoro, nimenunua laptopu ya mtumba nikaambiwa ina GB 500, nikifungua naona 465, sasa sijui nimeibiwa? Halafu ni nzito mno, nikiwasha naweza kwenda kunywa chai nikarudi bado. Fundi mmoja anasema niongeze RAM, mwingine anasema nitoe hadi diski (hard disk) niweke SSD, mi sielewi, RAM na storeji si vyote ni GB? La mwisho kuna kijana anapita anauza flashi za TB 2 kwa elfu kumi na tano, nichukue moja ya kutunzia kazi za wateja? Nieleze kama mtu asiyejua kitu kabisa.

Jibu: Salama dada, na hongera kwa ofisi, karibu na chuo hukosi kazi hasa ripoti za fildi zikianza. Ntaanza na la mwisho maana ndo litakalokutoa hela leo jioni kijana akipita tena. Hiyo flashi usichukue. Hata akishusha mpaka elfu nane usichukue. Sababu ntakupa huko mbele, inabidi kwanza uelewe GB ni kitu gani, na ukielewa hapo maswali yako mengine yanajijibu yenyewe karibu yote.

Kompyuta haijui herufi wala picha wala wimbo, inajua vitu viwili tu, kuna au hakuna, sisi tunaandika 1 na 0. Kila 1 au 0 moja inaitwa biti. Panga biti nane pamoja unapata baiti, na baiti moja inaweza kupangika kwa namna 256, ambazo zinatosha kabisa kuipa kila herufi ya kwenye kibodi namba yake, mfano A kubwa ni 65 na ikikaa kwenye diski inakuwa 01000001. Sasa chukua kazi yako ya kila siku. Ukurasa uliojaa una herufi kama 2,500 ukihesabu na nafasi, kwahiyo maandishi matupu ni baiti 2,500, KB mbili na nusu (KB ni baiti elfu). Ripoti ya mwanachuo ya kurasa mia ni KB 250, hakuna kitu pale. Halafu anakuja mtu na cheti kimoja tu, anataka skani ya rangi, dpi 300, yaani vidoti 300 kwa kila inchi. Skana inaikata ile A4 kuwa vidoti 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, ni kama vidoti milioni 8.7, na kila kidoti kinakula baiti tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Zidisha hapo. Inakuja MB 26 hivi (MB ni baiti milioni) kwa karatasi moja! Yaani cheti kimoja kinakula nafasi ya maandishi ya ripoti mia za kurasa mia mia. Bahati nzuri ukisevu kama JPEG inabanwa mpaka MB moja au mbili, kwasababu JPEG inatupa vile vitu vidogo vidogo ambavyo jicho haliwezi kugundua kuwa havipo, ndo maana pia ukiifungua na kuisevu tena na tena ile picha inazidi kuchakaa, kila ukisevu kuna kitu kinatupwa. Cheti cha mtu skani mara moja vizuri, usikisevu sevu.

Haya 465. Hujaibiwa. Mtengenezaji wa diski anahesabu kwa elfu, kwake GB moja ni baiti 1,000,000,000 kwahiyo alichokupa ni baiti bilioni 500 kamili na hajakudanganya. Windows yeye anahesabu kwa 1,024, kwake GB moja ni 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Chukua bilioni 500 gawa kwa hiyo namba unapata 465 na ushee. Ni kama debe la muuzaji na debe la mnunuzi halilingani, mahindi ni yaleyale. Ukiichomeka hiyohiyo diski kwenye Mac utaona 500 maana Apple walihamia kwenye kuhesabu kwa elfu tangu 2009. Kwa hesabu hiyohiyo diski ya TB 1, yaani GB elfu moja, itakuonyesha 931 na flashi ya GB 64 itaonyesha kama 59, ukikuta hivyo usigombane na mwenye duka. Ila ukikuta C yako ina pungufu zaidi ya hapo ujue kuna kipande kimetengwa cha kurudishia Windows ikiharibika, kiache.

Sasa RAM na storeji, hapa ndo watu wengi wanachanganya na mafundi wengine wanatumia mwanya huohuo. Ni kweli vyote vinapimwa kwa GB, kama vile maji na mafuta ya taa vyote vinapimwa kwa lita. RAM ni pale kazi inapofanyikia wakati umeme upo, storeji ni pale inapolala umeme usipokuwepo. Mteja amekaa mbele yako, umemchapia CV kurasa mbili, hujasevu, betri ya mtumba ndo ile imeshakufa kitambo, umeme unakatika... CV imeenda. Ilikuwa kwenye RAM. Ungebonyeza Ctrl na S ingekuwa imeshahamia kwenye diski na umeme ukirudi ungeikuta. Ndo hiyo tofauti, na ndo maana kidole chako kizoee Ctrl S kila baada ya aya moja, usisubiri mwisho.

Watu wanapenda kutoa mfano wa meza na kabati, RAM ni meza storeji ni kabati, ni mfano mzuri lakini haukuambii kwa nini laptopu inaweza kuwa nzito wakati meza ina nafasi tele. Na kesi yako mi naona ndo hiyo. Fanya hivi, ikiwa nzito bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, angalia asilimia ya Memory na asilimia ya Disk. Kama Memory iko 90 na kitu huku umefungua vitu vingi, RAM ndo ndogo, na hapo Windows inaanza kuazima sehemu ya diski iitumie kama RAM, kitu ambacho ni kizito balaa. Lakini kama Memory iko 50 au 60 halafu Disk imegoma palepale 100 kwa dakika kumi nzima baada ya kuwasha, basi RAM ukiongeza utapoteza hela tu, tatizo ni ile hadi diski. Laptopu inayochukua muda wa kwenda kunywa chai, dada, mara nyingi sana ni ya pili.

Kwanini diski iwe nzito hivyo? Ngoja nikufungulie uone ndani, maana ukishaona hutasahau. Hadi diski ndani yake kuna sahani zinazong'aa kama kioo, za laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kuna mkono una kichwa kidogo kwenye ncha unapita juu ya sahani kusoma usumaku. Kitu unachokitaka kipo sehemu fulani kwenye sahani, kwahiyo mkono lazima usogee mpaka kwenye njia yake, halafu ungoje sahani izunguke mpaka kile kipande kifike chini ya kichwa. Mzunguko mmoja tu ni milisekunde 11, kwa wastani unangoja nusu yake, ukijumlisha na mkono kusogea ni kama milisekunde 15 kwa kila kipande. Unaona ni kidogo ee? Sasa Windows ikiwaka inaita maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huku, na kwa mwendo huo diski inaweza kuchukua kama sitini sabini kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Ndo maana ukinakili filamu moja kubwa hadi diski inakwenda vizuri tu, MB 100 kwa sekunde, maana kichwa kimetulia kinasoma mfululizo, lakini ukiwasha laptopu unazeeka.

Na teknolojia hii ni ya kizamani kuliko watu wanavyodhani. Hadi diski ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya IBM mwaka 1956, sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, limashine lina uzito wa tani nzima, na ndani yake ziliingia herufi kama milioni tano. Milioni tano! Ile skani yako ya cheti kabla ya kubanwa ingehitaji zaidi ya matano ya hayo. Vimepungua ukubwa, kanuni ni ileile ya sahani na mkono.

SSD haina sahani wala mkono, haina kitu kinachotembea. Ni chipu tu ambazo ndani yake kuna vyumba vidogo sana vya kufungia umeme, chumba kikifungiwa umeme kinabaki nao hata ukizima mashine, ndo memori ya flashi aliyoibuni Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980, na ndo hiyohiyo iko kwenye simu yako, kwenye memori kadi na kwenye flashi. Hakuna kusubiri sahani izunguke, kitu ambacho hadi diski inachukua milisekunde 15 SSD inachukua sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Kwahiyo jibu langu kwa mafundi wako wawili: huyo wa SSD ndo aanze. Kama RAM yako ni GB 4 basi baadae ukipata hela ipandishe iwe 8, lakini ukiweka SSD kwanza utadhani umebadilishiwa laptopu. GB 256 inakutosha kabisa kwa stesheneri. Kabla hujanunua mwambie fundi akuangalizie laptopu yako inapokea aina gani, za zamani nyingi zinapokea ile bapa ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya muunganiko wa diski na kompyuta) inayokaa palepale ilipokuwa hadi diski, za karibuni zina tundu la M.2 la kile kijiti chembamba, na M.2 nazo ziko za SATA na za NVMe, zinafanana sura ila siyo kitu kimoja, wengi wamenunua wakarudisha. NVMe inakimbia zaidi lakini usijipe presha, hata SATA inafika MB 500 kwa sekunde, kwa Word na fotokopi hutaona tofauti.

Sasa nikwambie kitu kimoja kilichonitokea mimi mwenyewe ambacho hata leo mdogo wangu akinikumbusha naona aibu. Picha za harusi yake zote nilikuwa nazo mimi, kwenye hadi diski ya nje ya kuchomeka. Ilikuwa mezani inanakili kitu, mtoto akapita akakanyaga waya ikaanguka ikiwa inazunguka. Kuanzia hapo ikawa inatoa tik, tik, tik. Kwenye hali ya kawaida kile kichwa hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nanomita chache, unywele wa mtu unene wake ni makumi elfu ya nanomita, kwahiyo hata vumbi pale ni jiwe la barabarani. Mi kwa kutokujua nikaipeleka kwa fundi mmoja, akasema ngoja tuifungue tuone, akaifungua palepale kwenye benchi, mlango wazi, feni inapuliza. Basi ikawa imekwisha kazi. Zinafunguliwa kwenye vyumba maalum visivyo na vumbi, na bei yake inaumiza. Tulipata picha kumi na mbili kutoka kwenye simu za mashangazi. Kwahiyo hadi diski ikianza kugonga tik tik usiiwashe tena na tena kujaribu bahati, na ukisikia fundi anataka kuifungua mezani mnyang'anye.

Turudi kwa kijana wa flashi. Kila flashi ina vitu viwili ndani, chipu ya kuhifadhia na chipu ndogo ya msimamizi ambayo ndo inaiambia kompyuta mimi nina ukubwa gani. Wajanja wanachukua chipu ya GB 8 au 16 halafu wanamfundisha msimamizi aseme uongo, aseme TB 2. Kompyuta haina namna ya kuhakiki, inaamini. Unaweka kazi, inapokea, unaweka tena, inapokea tu, majina ya mafaili unayaona yote yamepangika vizuri kwasababu orodha ya majina inaandikwa mwanzoni kabisa ambapo chipu ipo kweli, ila ukishapita ile GB 8 ya ukweli vitu vinaandikwa hewani au vinaandikwa juu ya vile vya mwanzo. Unakuja kugundua siku mteja anataka ripoti yake, unafungua, faili imeharibika. Ndo ubaya wake, haikatai siku ya kwanza. Ukitaka kupima flashi yoyote kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi yote halafu inasoma tena kuona kama ilichoandika ndo kilichopo, inachukua muda lakini inasema ukweli. Kama hutaki programu, ijaze mwenyewe mafaili makubwa mpaka ijae kabisa, ichomoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine na uyafungue ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho.

Hapohapo kwenye flashi kuna jambo wateja watakusumbua nalo: video ina GB 5, flashi ina nafasi GB 20, inagoma kuingia. Flashi imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka mafaili, ambao faili moja haiwezi kufika GB 4. Ifomati iwe exFAT, ila kufomati kunafuta vilivyomo kwahiyo vitoe kwanza. Na flashi ya mteja ikija mafaili yote yamegeuka shotikati usimwambie kazi zake zimepotea, mara nyingi zipo, kirusi kimezificha tu.

Umeuliza kutunza kazi za wateja, na hapa lazima nikuambie kufuta maana yake nini. Diski ina orodha yake, kama ile ya mwanzo wa kitabu, inayosema faili fulani lipo sehemu fulani. Ukifuta, hata ukimwaga na ile ndoo ya taka, kinachoondolewa ni mstari kwenye orodha, data zenyewe zinabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndo maana ukifuta kwa bahati mbaya kwenye hadi diski au flashi, acha kuitumia dakika hiyohiyo, usidaunlodi hata kitu kimoja, halafu programu kama PhotoRec iendeshwe kutoka kwenye kompyuta nyingine, uwezekano wa kurudisha ni mkubwa. Kwenye SSD ya ndani habari ni tofauti, Windows inaitaarifu SSD kwamba vipande hivi havina mwenyewe na SSD inavisafisha yenyewe kimyakimya, baada ya muda mfupi hakuna fundi atakayevirudisha. Kwahiyo kuhamia SSD kuna faida ya spidi lakini msamaha unapungua.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba hiyo laptopu yako ya mtumba inaweza ikawa na picha za mwenye nayo wa kwanza bado, na siku ukiiuza wewe itaondoka na vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu wote uliowaskania. Mi ningekuwa wewe nisingetunza kazi za wateja kabisa. Mteja akilipa, mpe kwenye flashi yake au mtumie kwenye barua pepe, jioni futa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, hutaki siku moja uulizwe kwanini nakala ya kitambulisho cha mtu imeonekana mahali, ilhali wewe ulilipwa mia tano tu ya skani.

Vya kwako ndo vitunze, templeti zako za CV, barua, bei, daftari la madeni. Hivyo vikae sehemu mbili zisizokaa pamoja, na narudia zisizokaa pamoja, maana mwizi akiingia ofisini anabeba laptopu na diski iliyo pembeni yake. Moja iwe Google Drive, unapewa GB 15 za bure ambazo zinagawana na Gmail na picha za simu, kwa maandishi ni nyingi sana. Ila usitegemee mtandaoni peke yake, huko ni kompyuta za watu wengine zilizo mbali na njia ya kufika ni intaneti, unakumbuka Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kuna watu walikuwa na kazi zao zote huko na hawakuweza kuzifungua. Na ukiambiwa una intaneti ya Mbps 10 ujue hizo ni biti siyo baiti, gawa kwa nane, ni MB moja na robo kwa sekunde tu, na kupandisha mara nyingi ni pungufu ya hapo.

Ya pili iwe ile hadi diski yako itakayotolewa. Usiiache kwa fundi. Nunua kile kikasha cha kuitia ndani chenye waya wa USB, ni bei ndogo, ipime kwanza na programu ya CrystalDiskInfo, ikiandika Good kwa rangi ya bluu ichukue nyumbani iwe bakapu yako, ikiandika Caution ya njano itumie kwa filamu tu. Na kabla fundi hajashika bisibisi nakili vitu vyako mwenyewe, kwa mkono wako, usimwachie aseme ntakuhamishia. Akikuambia hadi diski ya zamani huwa inabaki ofisini mwambie hapana, ile GB 465 uliilipia.